Anwani Mbili za Kireno kwa Neno Moja: Kuhusu *Afterlives* ya Abdulrazak Gurnah

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 2020 ina anwani ya neno moja tu: *Afterlives*. Oktoba 2021 mwandishi huyo, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata wasomaji wa Kireno walipata riwaya hiyo katika matoleo mawili. Huko Ureno, shirika la Cavalo de Ferro liliitoa kwa anwani *Vidas Seguintes*. Huko Brazil, Companhia das Letras iliitoa kwa anwani *Sobrevidas*. Lugha ni moja, kitabu ni kimoja, mwaka ni mmoja. Lakini anwani hizo mbili zinakutana katika neno *vida*, uhai, na baada ya hapo kila moja inashika njia yake.

Ni rahisi kuichukulia tofauti hii kuwa ni ile ya kawaida baina ya Kireno cha Lisbon na kile cha São Paulo, kama vile Mswahili wa Mombasa na yule wa Dar es Salaam wanavyoweza kutofautiana katika jina la samaki mmoja. Makala haya yanadai kwamba tofauti hii ina uzito zaidi. Neno *afterlives* lina maana kadhaa zinazoishi pamoja bila kugombana, na kila mfasiri wa Kireno alilazimika kuchagua maana ya kuiweka mbele. Kuchagua maana hapa ni kuamua kitabu kinamhusu nani: aliyenusurika, aliyezaliwa baadaye, au aliyepotea asijulikane alipozikwa. Nasi tunaosoma na kufasiri kwa Kiswahili hatuwezi kulitazama jambo hili kwa mbali, kwa sababu vita vinavyosimuliwa vilipiganwa katika ardhi yetu na swali hilohilo linatungoja sisi.

Tuanze na neno lenyewe. Katika matumizi ya kawaida ya Kiingereza, *afterlife* ni maisha baada ya kifo, yaani akhera. Hiyo ndiyo maana inayomjia kwanza msomaji wa kawaida. Maana ya pili ni sehemu ya maisha ya mtu inayokuja baada ya tukio kubwa: maisha ya askari baada ya vita, ya mfungwa baada ya kifungo. Maana ya tatu ni kuendelea kwa athari ya jambo ambalo lenyewe limekwisha. Saidiya Hartman, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu safari yake ya Ghana, alilitumia neno hili kuelezea jinsi utumwa unavyoendelea kuamua nani aishi na nani afe hata baada ya kufutwa kisheria. Maana ya nne ni ya wanazuoni wa tafsiri. Walter Benjamin, katika insha yake ya mwaka 1923 kuhusu kazi ya mfasiri, anaiona tafsiri kuwa ni uhai wa kazi ya sanaa unaoendelea baada ya wakati wake wa asili. Na Harry Zohn, alipoifasiri insha hiyo kwa Kiingereza, alilitumia neno *afterlife*.

Gurnah hakuchagua umoja, alichagua wingi. Herufi moja ya mwisho inabadilisha mengi. Kwa umoja, neno lingemwelekeza msomaji moja kwa moja kwenye imani, kwa kuwa akhera ni moja. Kwa wingi, akhera inashuka duniani na kugawanywa kwa watu: kila mtu na yake. Lakini haiondoki kabisa. Msomaji wa Kiingereza anaendelea kuisikia chini ya maana nyingine, kama mtu anayesikia maombolezo katika nyumba ya jirani huku akiendelea na shughuli zake. Huo uwili ndio unaompa mfasiri kazi.

Kireno hakikosi maneno ya akhera. Kinayo *o além*, yaani ng'ambo ile. Kinayo *o outro mundo*, ulimwengu mwingine. Kinayo *vida após a morte*, maisha baada ya kifo. Ila kila moja kati ya haya linafunga mlango. *O além* kwenye jalada lingemfanya mnunuzi wa Lisbon au Recife adhani ameshika kitabu cha mambo ya roho. Kwa hiyo wafasiri wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, waliiacha akhera nje na kutafuta neno upande wa walio hai. Uamuzi huo unaeleweka. Kinachostahili kuchunguzwa ni gharama yake, na faida yake pia.

*Sobrevidas* ndiyo anwani inayovutia sikio mara moja. Neno *sobrevida* limejengwa kwa *sobre*, juu ya au zaidi ya, na *vida*. Katika Kireno cha Brazil hutumiwa sana na madaktari: muda ambao mgonjwa anaendelea kuishi baada ya kugunduliwa maradhi au kufanyiwa upasuaji. Ni uhai wa nyongeza, uliopatikana wakati kifo kilikuwa kimekwisha kupiga hodi. Msomaji aliyekwisha kukutana na Hamza, kijana aliyeingia jeshi la Wajerumani, akajeruhiwa vibaya na mkubwa wake mwenyewe wa kijeshi, akauguzwa kwenye misheni na hatimaye kurudi katika mji wa pwani akichechemea, ataona jinsi neno hili linavyomkaa. Maisha yake na Afiya, kazi yake ya mbao, mtoto wao: yote hayo ni *sobrevida*, siku ambazo hazikuwa zimeandikwa katika hesabu ya yeyote.

Neno hilo lina faida nyingine kwa Brazil. Nchi hiyo ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, na mjadala kuhusu kile kilichoendelea kuishi baada ya tarehe hiyo haujafungwa. Dhana ya Hartman hujadiliwa huko kwa neno hilohilo, *sobrevida*. Vilevile limetumika katika kumfasiri Benjamin, na linafanana kwa muundo na *survie* ya Kifaransa ambayo Jacques Derrida aliizungushia fikra zake kuhusu tafsiri. Kwa hiyo, kwa neno moja, mfasiri wa Brazil ameziokoa maana tatu kati ya nne nilizozitaja. Kwa kipimo cha hesabu, huo ni ushindi.

*Vidas Seguintes*, kwa upande wake, ni anwani isiyojipamba. *Seguinte* ni neno la kila siku: siku inayofuata, ukurasa unaofuata, mtu anayefuata kwenye foleni ya ofisi. Halina historia ya kifalsafa wala harufu ya hospitali. Linaelekeza kwenye mfuatano wa wakati tu: kulikuwa na maisha haya, kisha yakaja yale. Mhakiki mwenye haraka anaweza kusema kwamba hapa neno lenye tabaka nne limebanwa likawa tambarare. Hata hivyo anwani hii inaonyesha jambo ambalo ile ya Brazil hailionyeshi vizuri, nalo ni vizazi. Riwaya haikomi kwa Hamza na Afiya. Inaendelea hadi kwa mtoto wao, aliyepewa jina la mjomba wake Ilyas, na inaishia Ujerumani ya Magharibi baada ya uhuru wa Tanganyika. Mtoto huyo hakunusurika vita vile kwa kuwa hakuwa amezaliwa. Maisha yake si *sobrevida*. Ni maisha yanayofuata.

Tukifika kwa Ilyas mkubwa, ndipo anwani zote mbili zinapotiwa kwenye mizani. Huyu ni kaka yake Afiya. Alichukuliwa na askari angali mtoto, akasomeshwa na Wajerumani, akawapenda, na vita vilipoanza akajiunga na jeshi lao kwa hiari yake. Hakurudi. Sehemu kubwa ya riwaya inaishi chini ya kivuli cha kutorudi kwake: dada yake hana barua, hana kaburi, hana tarehe. Bila tarehe hakuna khitma, na bila uhakika hakuna matanga. Wala hakuna ruhusa ya kuacha kungoja. Kisha mtoto aliyepewa jina lake anaanza kunong'ona kwa sauti isiyo yake, na wakubwa wa nyumba wanalazimika kumwita mjuzi wa mambo ya pepo. Anayetafutwa katika minong'ono hiyo ni Ilyas aliyepotea.

Je, mtu huyu anaishi wapi katika anwani za Kireno? Hayumo katika *Sobrevidas*, kwa maana hakunusurika; mwishoni tunaambiwa kwamba alifia katika kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin. Wala hayumo kwa wepesi katika *Vidas Seguintes*, kwa maana yeye ndiye aliyetangulia, na maisha yanayofuata ni ya wengine. Anwani ya Kiingereza ina chumba kwa ajili yake, na chumba hicho ni kile cha maana ya kwanza, ya akhera, ambayo wafasiri wote wawili waliiacha. Ilyas ana *afterlife* katika nyumba ya dada yake, katika koo la mpwa wake, na katika mafaili ya nyaraka za Ujerumani. Ni marehemu ambaye bado ana shughuli.

Wala si wa kubuniwa tu. Wanahistoria wanamjua Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, akawa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani, akahamia Berlin, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni huko, na akafia Sachsenhausen mwaka 1944. Msomaji anayeijua habari hiyo hawezi kulichukulia suala la Ilyas kuwa ni pambo la njama. Mswahili mwenzetu alikufa kifo hicho, na kwa miongo mingi wachache sana walijua.

Kwa hiyo ningekuwa mkali kwa anwani ya Lisbon, kama isingekuwa ukurasa wa mwisho wa riwaya. Hapo mpwa, baada ya kupekua nyaraka, anafahamu kwamba Ilyas alipopelekwa kambini, mwanawe mmoja alimfuata kwa hiari yake, na wote wawili wakafa. Ndivyo kitabu kinavyofungwa: kwa mtu aliyempenda baba yake kiasi cha kumfuata mahali ambapo hapakuwa na kurudi. Sasa tulirudie neno *seguinte*. Limetokana na kitenzi *seguir*, kufuata, na kitenzi hicho katika Kireno kina maana mbili zilezile za kitenzi chetu: kuja baada ya kitu katika mpangilio, na kwenda nyuma ya mtu kwa hiari. Msomaji wa Lisbon aliyeingia kitabuni akidhani *vidas seguintes* ni maisha ya baadaye tu, akifika mwisho anaweza kuisoma anwani upya. Ni maisha ya waliofuata. Ilyas mkubwa aliifuata bendera ya Wajerumani. Hamza naye alifuata jeshi. Mpwa alifuata nyayo za mjomba, na mtoto akamfuata baba hadi kifo. Neno lililoonekana la karani limebeba mwendo wa riwaya yote, na limemrudisha Ilyas ndani ya anwani kama yule anayefuatwa.

Sijui kama mfasiri au mhariri alikusudia hivyo, na kwa uhakiki si lazima kujua. Anwani ikishachapishwa hufanya kazi pamoja na kitabu kizima. *Sobrevidas* inatoa utajiri wake wote kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa. *Vidas Seguintes* inajilimbikizia hadi ukurasa wa mwisho. Kwa kipimo changu, ya pili ndiyo inayoihudumia riwaya hii vizuri zaidi, ingawa ya kwanza ndiyo inayomfurahisha zaidi msomi. Tuna desturi ya kupima tafsiri ya neno lenye maana nyingi kwa kuhesabu maana ngapi zimevuka salama. Hesabu hiyo ina faida, lakini haitoshi. Inafaa kuuliza pia ni nani kati ya wahusika anabaki nje ya mlango pale maana moja inapoachwa, na kama lugha lengwa ina njia yake nyingine ya kumwingiza.

Hapo ndipo Kiswahili kinapohusika, na si kwa sababu ya mwandishi peke yake. Vita hivyo havikuishia kwenye mpaka wa Wajerumani. Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Mto Ruvuma na kuwashinda Wareno huko Negomano, kisha likazunguka Msumbiji kwa miezi mingi kabla ya kurudi kaskazini Septemba 1918. Wapagazi walikufa pande zote mbili za mto, wengi bila jina katika daftari lolote. Katika pwani ya Cabo Delgado, ambako Kimwani na Kiswahili vinasikika hadi leo, Kireno ndicho lugha ya shule. Msomaji wa Palma atakayekisoma kitabu hiki kwa Kireno atakuwa anasoma habari za ardhi yake kwa lugha ya mmoja wa wakoloni waliopigana juu yake. Kwake yeye suala la nani ameingizwa katika anwani si la nadharia.

Mfasiri wa Kiswahili angefanyaje? Kikwazo cha kwanza ni cha sarufi. *Maisha* ni neno la ngeli ya YA-YA. Halina umoja, na kwa hiyo wingi wake hausikiki. Tukisema "maisha baada ya kifo" au "maisha ya baadaye", ile herufi ya wingi iliyowagawia watu akhera inapotea. Tafsiri ya Kijerumani, *Nachleben*, ina udhaifu wa namna hiyo, ingawa ina bahati ya kuwa na neno lililokwisha kukomaa. *Akhera* ni neno la ngeli ya N, na lenyewe pia halibadiliki. Wingi ungeonekana katika upatanisho tu, "akhera zao". Maneno hayo yangemshtua msomaji Mwislamu, na huenda mshtuko huo ungekuwa mkubwa kuliko ule mdogo aliokusudia Gurnah. "Manusura" na "waliosalia" yanatuletea tatizo lile la Brazil: Ilyas anabaki nje.

Mfano mzuri tunao karibu. Ida Hadjivayanis alipoifasiri *Paradise* kwa Kiswahili, tafsiri iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, aliiita *Peponi*. Kwa kiambishi kimoja, jina la kitu limekuwa jina la mahali. Zaidi ya hapo, *pepo* ya Kiswahili ni bustani ya wema na pia ni kiumbe kinachompanda mtu kichwani, uwili ambao Kiingereza hakikuwa nao. Lugha lengwa ililipa deni lake kwa sarafu yake yenyewe.

Kwa *Afterlives* tunazo sarafu za namna hiyo. Tunalo neno *somo*, ambalo katika pwani ni mtu unayeshirikiana naye jina. Wabrazil wana *xará* kwa maana hiyo, lakini somo ni pia lile tunalofundishwa. Ilyas mdogo ni somo wa Ilyas mkubwa, na kila anapoitwa kutoka uani, aliyepotea anaitwa pamoja naye. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno ya Kiswahili *sasa* na *zamani* kueleza kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yumo katika *sasa*; anaingia *zamani* pale ambapo hakuna tena wa kumtaja. Mtu anaweza kuujadili ujumla wa madai ya Mbiti, na wengi wamefanya hivyo, lakini nyumba ya Afiya inaendeshwa kwa kanuni hiyo. Tunayo pia Kariakoo, jina lililobaki kutokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Maelfu huenda huko kununua na kuuza, na jina la waliobebeshwa mizigo ya vita linatamkwa kutwa bila kusikika.

Hata hivyo, kwa anwani, ningeazima kutoka Lisbon: *Waliofuata*. Kiambishi *wa-* kinarudisha wingi ambao *maisha* yaliuficha, tena wingi wa watu. Kitenzi *kufuata* kinabeba pande zote mbili za *seguir*: waliokuja baadaye, na waliokwenda nyuma ya mtu. Mtendwa hajatajwa, na msomaji analazimika kuuliza: waliomfuata nani? Swali hilo ndilo riwaya inalojibu katika ukurasa wake wa mwisho. Tunachopoteza ni uhai, *vida* yenyewe, na ile sauti ya akhera iliyokuwa chini ya Kiingereza. Hasara hiyo ni ya kweli. Lakini aliyepotea yumo, kwa sababu hakuna anayefuata pasipo aliyetangulia, na mtafutaji wa Kiswahili amefika kwake kwa kupitia neno la foleni la Kireno.